Mwache Angurume

Ukizunguka mitaa mingi ya Nairobi utaliona lile bango la bati kwenye lango: MBWA KALI. Walimu wa sarufi watakuambia ni "mbwa mkali", lakini bango halijali ngeli, na kwa miaka mingi hatukuwa na mengine ya kusema kuhusu mbwa. Kazi yake ilikuwa kuwa mkali. Mchana anafungiwa kibandani, usiku anaachiliwa, anakula ugali wa jana na matumbo, na hakuna mtu nyumbani anayempapasa. Akinguruma, sawa tu. Ndicho alicholetewa.

Siku hizi kuna wafugaji wa aina nyingine, na wengi ni rika letu. Tunapanga nyumba Ruaka ama Syokimau, ghorofa ya nne, tunanunua kijibwa mweupe mwenye manyoya kama pamba, tunampa jina, tunampiga picha, tunampakata kochini tukitazama filamu. Halafu jioni moja mkono uko mgongoni pake, mambo shwari, na kijibwa anatoa sauti ya chini kooni. Grrr. Mwenyewe anashtuka. Kwani nimefanya nini? Nimekulisha, nimekuogesha, nakupenda, na bado unaningurumia?

Wengi hujibu hapo hapo, kwa kofi dogo la puani ama kwa kumkandamiza sakafuni mpaka atulie. Ashike adabu mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi naona jibu hilo ni baya, na ubaya wake si wa ufugaji pekee. Ni swali la maadili kabisa: ukimpenda kiumbe, una haki gani ya kumnyima njia ya kukuambia hapana?

Lakini kwanza sauti yenyewe, maana si kila mngurumo ni hapana. Kijibwa anayevuta kamba nawe huku makalio yakiyumba na mwili umelegea ananguruma kwa mchezo. Wengine hutoa mguno mzito wa raha ukiwakuna nyuma ya sikio, kama mzee aliyeketi baada ya safari ndefu. Mbwa wenyewe hawachanganyikiwi. Mwaka 2010 watafiti wa Budapest, Hungaria, wakiongozwa na Tamás Faragó, waliweka mfupa mbele ya mbwa, kisha wakacheza sauti za mngurumo kutoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya mfupa huo. Mbwa waliosikia mngurumo uliorekodiwa wakati mbwa mwingine akilinda chakula walirudi nyuma zaidi kuliko waliosikia mngurumo wa mchezo, au ule wa kumtisha mgeni. Yaani mngurumo una maana ndani yake. Mwaka 2017 watafiti hao wakaonyesha kwamba hata binadamu, akisikilizishwa tu, hubahatisha vizuri aina ya mngurumo, na wanawake walifanya vizuri kuliko wanaume. (Hilo la mwisho nawaachia mlijadili kwenye magrupu yenu.)

Sasa ule mngurumo wa kochini, mwili umekakamaa, jicho limegeuka likaonyesha weupe. Huo una sababu, na mara nyingi sababu ni ya kawaida tu. Labda anaumwa: sikio lina uchafu, kupe yuko kwapani, jino jipya linachoma. Mbwa aliyependa kushikwa juzi na leo hataki kuguswa kiunoni anafaa kupelekwa kwa daktari wa mifugo kabla ya kupelekwa kwa mtu wa kufunza nidhamu. Labda alikuwa usingizini. Vijibwa hulala sehemu kubwa ya siku, na mkono unaotua kutoka juu humgutusha kama wewe ungegutushwa ndani ya matatu ya usiku. Labda ana mfupa karibu na anadhani umeufuata. Labda amechoka tu kushikwashikwa. Wageni wamekuja, kila mmoja amembeba, kila mmoja amepiga selfi, na sasa ni saa tatu usiku.

Au labda aliuzwa mapema mno. Tunawaona vijana kando ya barabara wameinua vijibwa viwili mikononi kama mahindi ya kuchoma, na ukitazama vizuri mnyama ana wiki tano hivi. Mbwa hujifunza mengi kati ya wiki ya tatu na ile ya kumi na mbili au kumi na nne hivi: kwamba watu si hatari, kwamba kelele za pikipiki ni kelele tu, kwamba ukimng'ata ndugu yako kwa nguvu mchezo unakwisha. Aliyeng'olewa kwa mama kabla ya wiki ya nane anakosa sehemu ya somo hilo, kisha sisi tunamshangaa kwa nini hajui.

Na kuna sababu moja ambayo inatuhusu sisi kuliko yeye. Sisi ni jamaa wa sokwe. Sokwe hukumbatiana, binadamu hukumbatiana, na tukimpenda mtu tunamkabili uso kwa uso na kumzungushia mikono. Patricia McConnell, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka 2002 kuhusu namna lugha ya mwili ya nyani inavyogongana na ile ya mbwa. Mbwa wawili wanaoheshimiana hukaribiana kwa ubavu, hunusana, hawakodoleani macho. Kumkumbatia mbwa, basi, ni kumwambia kwa lugha yako jambo ambalo katika lugha yake linasikika kama kubanwa. Tunapenda kuwacheka watu wanaofuga mbwa kama watoto, tunasema wanamfanya mnyama mtu. Lakini kumfanya mtu kunaanza pale unapoamini kwamba kwa kuwa mkono wako una upendo, mgongo wake unapokea upendo.

Turudi kwenye ngurumo. Daktari wa mifugo wa Uingereza, Kendal Shepherd, alichora kitu anachokiita ngazi. Chini kabisa mbwa hupiga miayo, hupepesa macho, hulamba pua. Akipuuzwa, hugeuza kichwa, kisha mwili, kisha huondoka. Akifuatwa, hujikunyata, hukunja mkia. Akiendelea kufuatwa, hukakamaa, hukodoa macho. Halafu ndipo hunguruma. Baada ya kunguruma ni kung'ata hewa, na baada ya hapo ni kung'ata nyama. Hebu hesabu. Kufikia mngurumo, kijibwa amekwisha kukuambia hapana mara sita au saba, kwa upole, na wewe ulikuwa unatafuta pembe nzuri ya picha.

Kwa hiyo mngurumo si mwanzo wa ugomvi. Kijibwa anaponguruma bado yuko kwenye mazungumzo. Ana meno na hajayatumia, na anakupa nafasi ya kutoyaona. Wazee walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Anayenguruma anakuonyesha alipo, anachotaka, na mpaka uko wapi. Mimi hiyo naiita heshima.

Sasa mpige. Utafanikiwa, na hapo ndipo penye hatari. Vijibwa hujifunza haraka, na atajifunza kwamba sauti ile inaleta kofi. Ataacha kunguruma. Wewe utafurahi, utawaambia watu amekuwa na adabu. Lakini sikio bado linauma. Hofu bado ipo, na sasa ina sababu ya pili, nayo ni wewe. Ulichokitoa ni vidaraja vya ngazi, kilele hukukigusa. Miezi mitatu baadaye mtoto wa jirani anamshika masikio na mbwa anamng'ata usoni, na kila mtu kwenye ploti anasema alimng'ata bila onyo. Onyo lilikuwepo. Lilichapwa likanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliokuwa wamewapeleka wanyama wao kwa wataalamu kwa matatizo ya tabia. Kati ya waliojaribu kumpiga au kumpiga teke mbwa wao, 43% walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Waliomngurumia mbwa wao, ndiyo, watu wazima walionguruma, 41%. Waliombingirisha chali na kumshikilia chini, 31%. Ile ya chali inapendwa sana kwenye video za mtandaoni, eti lazima umwonyeshe nani ni kiongozi wa kundi. Wazo lenyewe lilitokana na mbwamwitu waliotazamwa wakiwa wamefungiwa. Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Kitabu cha David Mech cha mwaka 1970 kikalisambaza duniani. Baadaye Mech huyo huyo, baada ya kuwafuata mbwamwitu porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao, si wafungwa wanaopigania kiti, na akamwomba mchapishaji aache kukichapisha kitabu chake. Mwanasayansi alibadilika. Wajomba wetu bado.

Kuna watu watauliza: wewe utajuaje anachohisi mbwa? Ni swali la haki. Mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza mwaka 1974 ikiwa tunaweza kujua kuwa popo kunakuwaje, na wengi wamesoma jibu lake kama mlango uliofungwa: ndani ya kichwa cha mnyama hatuingii. Nakubali. Lakini sihitaji kuingia. Mngurumo hauko ndani. Uko nje, mezani, kama barua iliyofunguliwa. Charles Darwin aliuona hivyo mwaka 1872, kwenye kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Alimweleza mbwa mwenye hasira, mwili umesimama wima na mkia mgumu, na akamweleza mbwa huyo huyo akimlaki bwana wake, kila kiungo kimelegea na kupindika kinyume cha awali. Hakuhitaji kuwa mbwa. Alihitaji kutazama. Anayesema "hatuwezi kujua" huku mbwa amekakamaa mbele yake sidhani kama anatatizwa na falsafa. Anatafuta ruhusa ya kuendelea.

Ruhusa hiyo tunaitoa wapi? Nadhani wengi wetu tunaitoa kwenye risiti. Nilimnunua. Namlisha. Nikimgusa nagusa changu. Hatulisemi hivyo, lakini sikiliza ule mshangao wa mwanzo: nimekulisha, nimekuogesha, na unaningurumia? Hiyo ni lugha ya mtu anayedai. Na huisikii kwa wenye mbwa pekee. Ni binamu wa ile ya jamaa aliyetuma nauli, na sasa anaona kwamba nauli ilinunua kitu kuliko safari ya matatu.

Kiswahili, cha ajabu, kilikuwa kimetuonya. Hatuna neno moja la kile tunachomfanyia kijibwa kochini. Tuna kupapasa, na kupapasa ni kwa mkono tu. Unaweza kupapasa ukuta gizani ukitafuta swichi, na ukuta hauulizwi. Halafu tuna kubembeleza. Mtu humbembeleza mtoto alale, humbembeleza mpenzi aliyekasirika arudi, humbembeleza mwenye duka amkopeshe unga. Ndani ya kubembeleza kuna ombi. Anayebembelezwa anaweza kukataa, la sivyo si kubembeleza tena. Wengi tunadhani tunabembeleza mbwa na kumbe tunapapasa ukuta.

Wala kuuliza si kazi kubwa. Mpapase sekunde tatu kifuani au ubavuni, si juu ya kichwa, kisha ondoa mkono usubiri. Akikusogelea, akakusukuma kwa pua, endelea. Akibaki alivyo, akageuza kichwa, akajilamba pua, umejibiwa. Ana mfupa usiofaa? Mpe kipande cha nyama mbali kidogo, kisha uuchukue mfupa, badala ya kuupokonya. Hakuna siri hapo.

Kuna kitenzi kingine kinachokaa jirani na kunguruma, nacho ni kuguna. Watu huguna. Mzazi akitangaza jambo na hulipendi lakini huthubutu kulipinga, koo lako linatoa sauti kabla hujaamua. Na jibu lake sote tunalijua kwa moyo: "Unaguna nini?" Kizazi chetu tumekulia hapo. Unachapwa, unalia, unaambiwa nyamaza ama nikuongeze. Unanyamaza haraka, unaulizwa kama una kiburi. Tunazitengenezea vichekesho siku hizi, tunacheka mpaka machozi, na nadhani tunacheka kwa sababu bado tunakumbuka ule ufundi wa kumeza kilio kikiwa nusu njia. Viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini mwaka 2001. Lakini hilo la pili, la kuchapwa kwa sababu umesema inauma, ni jambo jingine kabisa.

Fikiria mtoto wa miaka minne kwenye sherehe ya familia. Anko amefika, anko anataka kukumbatiwa. Mtoto anageuza uso. Anajificha nyuma ya mguu wa mama. Anakakamaa. Ngazi ile ile, ukitazama, daraja kwa daraja. "Msalimie anko! Usiwe na madharau." Anasukumwa mbele. Akipiga kelele, ni aibu kwa familia nzima. Akilegea na kukumbatiwa, anapewa soda na kusifiwa. Labda anko ni mtu mzuri kabisa, na wengi wao ni wazuri. Lakini mtoto hajafunzwa lolote kuhusu anko huyu. Amefunzwa kuhusu mwili wake: kwamba sauti yake ya hapana ni utovu wa adabu, na kwamba wanaompenda ndio watakaoizima. Siku akikutana na mtu asiye mzuri, atakuwa ameshahitimu. Na sisi, tukija kujua baada ya miaka mingi, tutauliza lile swali letu: mbona hukusema?

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Mtoto si mbwa, usitulinganishe. Kweli, hawalingani, na tofauti kubwa inazidisha deni letu kwa wote wawili. Mtoto atakuwa na maneno; mbwa hatakuwa nayo milele. Mngurumo ndio maneno yote aliyo nayo. Ukimnyang'anya huo, hujamwachia lugha ya pili isipokuwa meno.

Kuna pingamizi zito zaidi, na sitalikwepa. Maisha hayaendeshwi kwa ridhaa ya kijibwa. Lazima kupe watolewe, kucha zikatwe, dawa imwagwe sikioni. Lazima achanjwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na kiasi cha 40% ya wanaokufa ni watoto wasiofika miaka 15. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na njia yenyewe ni sindano kwa mbwa, mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakinguruma. Ukisema kila mngurumo utiiwe, unasema watoto wafe kwa sababu mbwa hakupenda sindano. Mimi siwezi kusema hivyo.

Ila kusikiliza na kutii ni vitu viwili, na nadhani tumevichanganya kwa muda mrefu kiasi kwamba tunaogopa kimoja kwa sababu ya kingine. Mzazi anayeuliza "unaguna nini?" kwa ukali anaogopa kwamba akiusikia mguno itabidi ashindwe. Si lazima. Unaweza kumsikia mtu hadi mwisho na bado ukakataa, mradi ukubali kwamba kukataa kwako kuna gharama na umeilipisha kwake. Mtoto unaweza kumweleza kwa nini sindano. Ataelewa leo au akiwa na miaka kumi. Mbwa hutamweleza kamwe. Kwa hiyo sababu zako ziwe nzito kwelikweli, maana hatazijua. Uhai wake ni sababu nzito. Picha ya pamoja na wageni si sababu. Kwamba unajisikia mpweke baada ya kazi na ungependa kukumbatia kitu chenye joto, hilo nalielewa sana, na bado si sababu.

Nilimwona daktari mmoja wa mifugo akifanya hivyo nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwenye foleni ya chanjo ya Jumamosi. Kijibwa wa kahawia alikuwa juu ya meza ya bati akinguruma tangu alipowekwa. Mwenye mbwa akamfinya shingo: "Nyamaza!" Daktari akamwambia mwacheni, anatueleza tu. Akaupeleka mkono wake chini, kiganja juu, akausubirisha hapo mpaka ukanuswa. Alichukua muda mrefu kidogo kuliko foleni ilivyopenda, mtu nyuma akasonya. Kisha akaingia kwa ubavu, akavuta ngozi ya shingoni, akachoma. Kijibwa alinguruma mwanzo hadi mwisho. Daktari akajaza cheti, akaandika tarehe, akamwita anayefuata.